Kondo Lililotangulia

Mkunga Tunu alikipitisha tena kipimo cha ultrasaundi juu ya tumbo la Nyamizi, taratibu, akiomba macho yake yawe yamemdanganya. Moyo wa mtoto ulikuwa ukidunda vizuri. Lakini kondo la nyuma lilikuwa limelala chini kabisa, limeuziba mlango wa kizazi.

"Mbona kimya, mwanangu?" aliuliza Bi Zaituni, mama mkwe wa Nyamizi. "Sema ni wa kike au wa kiume, twende zetu. Wangu wote niliwazalia nyumbani, na huyu atazaliwa nyumbani."

Tangu afuzu kuitumia mashine ile, Tunu hakuwa amewahi kumpa mtu habari nzito hivyo. Akaigeuza skrini iwaelekee.

"Mama, mtoto ni mzima. Ila kondo limemtangulia mlangoni. Uchungu ukimshika Nyamizi nyumbani, atavuja damu mpaka afe. Lazima apasuliwe hospitali kubwa, tena kabla uchungu haujaanza."

"Apasuliwe!" Bi Zaituni aliinuka. "Dada yangu aliingia huko kwa miguu yake, tukarudishiwa maiti."

Nyamizi alilala vilevile, machozi yakimtiririka kuelekea masikioni.

"Mama," alisema, "mimi nataka nimlee mwenyewe."

"Basi huko tutakwenda wote," alisema Bi Zaituni. Kisha akashika ncha ya kanga yake, akainama, akaanza kumfuta mkwewe yale mafuta mazito ya kipimo tumboni, polepole, kama anayemfuta mtoto aliyezaliwa sasa hivi.