Mlango wa Mnara wa Tisa

"Dada Nyamizi, hebu fungua orodha ya jana," fundi Kibwana alisema kwenye simu, kutoka mnarani, mara tu aliporudisha mtandao. "Ving'ora vyote, hata ulivyovizima."

Nyamizi, aliyefuatilia ving'ora vya minara akiwa mjini, alikuwa amekizima kimoja tu, cha mlango wa kibanda cha mitambo. Kilimchosha. Mlinzi, Mzee Lufunga, aliufungua kila mchana kupasha kiporo chake kwenye joto la betri.

Jana simu za kijiji chenye mnara huo zilikatika asubuhi, ingawa taarifa za mitambo ziliendelea kufika mjini. Nyamizi akaandika: fundi aende kesho.

Sasa akasoma. Saa nne, mlango wazi. Umefungwa. Wazi. Umefungwa. Mara arobaini na moja, hadi saa saba.

Siku ya kuajiriwa kwake, mzee alimuuliza Nyamizi, "Simu zikikatika, mwanangu, nitawaitaje?"

Naye alijibu akicheka, "Fungua mlango, ufunge, ufungue tena. Mimi nitaona."

"Ni nyoka," Kibwana alisema. "Tumemkuta mzee kizingitini, dada. Mwili umeshapoa."

Nyamizi alikirudisha king'ora. Kikaanza kulia palepale, maana mlango ulikuwa bado wazi. Akaweka mikono mapajani, akakisikiliza.