Jiwe la Mlangoni

Katika chupa ya Mzee Ngailo ulibaki unga wa mwamba, kijiko kimoja tu. Kwa miaka ishirini na sita kila jiwe lililoletwa maabara lilipimwa kwa kulinganishwa na unga huo, na kilima ulikotoka kilishachimbwa kikawa shimo.

“Mzee, ukiisha huu, jiwe jipya tutalilinganisha na nini?” msaidizi wake Sikudhani aliuliza.

Ngailo alichukua mtaimbo, akang’oa jiwe la kukanyagia mlangoni. “Hili nalo lilitoka kilima kile kile. Sisi tumelikanyaga tu.”

Walipokwisha kulisaga, Ngailo alikung’uta chupa mpaka chembe ya mwisho, akatia unga wa zamani na mpya, kila mmoja peke yake, kwenye mashine ya kupimia. Kungoja kulimshinda. Namba za kwanza zilipoanza kutoka, alikuwa akitoka nje, mguu wake ukining’inia hewani, ukitafuta jiwe lisilokuwapo.