Utepe wa Mgeni Rasmi

Mashine mpya ya kuchomelea ilikaa katikati ya karakana ya chuo, imefungwa utepe mwekundu, ikimsubiri mgeni rasmi aje kuizindua. Mgeni aliahirisha, akaahirisha tena, na mkuu wa chuo akapiga marufuku mtu yeyote kuigusa. Wanafunzi wa Mwalimu Mwanaidi wakajifunza kuchomelea kwa kupitisha chaki juu ya vyuma baridi.

Asubuhi hiyo Shukurani, aliyehitimu juzijuzi tu, alirudi na begi lake. Kiwandani alikoajiriwa walimfukuza siku ya kwanza.

"Cheche ziliporuka nilitupa kila kitu nikakimbia, Mwalimu. Wakacheka, wakaniuliza nani alinifundisha."

"Ukawajibu nini?"

"Niliona haya kulitaja jina lako."

Mwanaidi aliigeukia mashine. Kwenye sinia kando yake kulikuwa na mkasi uliotengwa kwa ajili ya mgeni. Aliuchukua, akakata utepe, akawasha mashine.

Mkuu wa chuo akaja mbio mpaka mlangoni. "Mwalimu! Umechanganyikiwa? Mgeni atakata nini sasa?"

"Akate kucha zake."

Alimvisha Shukurani glavu na kinyago. "Shika. Kama ni kuogopa, ogopea hapa."

Cheche ziliruka. Safari hii mkono wa Shukurani haukuachia. Sakafuni, kipande cha utepe kikashika moto, na hakuna aliyeinama kukizima.