Vifuko Vitupu

Asubuhi, alipofika tu kazini, alizibandua kwa ukucha lebo za majina za mabomba mawili ya sindano yaliyofanana, akazibadilisha, akafunga friji ya dawa. Liwalo na liwe! Akishikwa, kazi hana, na jela hiyo hapo.

Mfamasia huyu hakuwa mtu wa hila, ila mama ni mama. Uvimbe ulikuwa umelikalia ini la mama yake, na tumaini lilibaki moja, tiba ya majaribio: vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye dawa na chembe za chuma, vivutwe na sumaku hadi penye saratani. Lakini nusu ya wagonjwa, kwa kura, walipewa vifuko visivyo na dawa, ili walinganishwe. Jana kura ilimwangukia mama: bomba la vifuko vitupu. Lenye dawa likaenda kitanda cha pili, kwa mama kijana mwenye kichanga. Mfamasia alibandika lebo kwa mkono wake mwenyewe, akaenda kulia chooni.

Siri ya bomba lipi lina dawa waliijua wawili tu: yeye na bosi wake, mkali kama pilipili, ambaye wote walimwita Daktari Sumaku.

Asubuhi hiyo nesi alichoma sindano, sumaku ikasogezwa ubavuni. Kwenye skrini, doa jeusi lilijikusanya juu ya ini la mama. Kwa jirani yake ikawa vilevile, maana hata vifuko vitupu vilikuwa na chuma. Picha isingemsaliti mtu.

Mama akatania kwamba sasa akipita jikoni vijiko vitamfuata. Jirani alicheka, kisha akamuuliza mfamasia kama ataishi amwone mwanawe akitembea. Mfamasia alisema Mungu yupo, akageukia ukutani. Machozi ya aibu yalimtoka.

Ndipo Daktari Sumaku akamwita ofisini. Siku za mwizi ni arobaini, alijisemea, zangu hazijafika hata moja.

Mzee alifunga mlango. Hakumtazama usoni, na sauti yake ilikuwa na upole ambao mfamasia hakuwahi kuusikia.

"Futa machozi, binti yangu. Nilijua mama yako ameangukia bomba tupu. Leo alfajiri, kabla hujafika kazini, nilizibadilisha zile lebo."