Bangili za Daraja la Juu

Kwenye meli za matembezi, abiria wa daraja la juu huvaa bangili inayowaondolea shibe na kichefuchefu, na vyote viwili hupelekwa kwa abiria wa chini, wanaosafiri kwa nauli ndogo. Nasra alilijua hilo kama kila mtu anavyolijua, hadi siku ya tatu ya safari alipopotea njia akitafuta zahanati, akatokea vyumba vya chini.

Alimkuta mwanamke ameinamia ndoo, tumbo limemvimba kama la mjamzito.

"Leo mmekula kamba kwa siagi," mwanamke alisema. "Samahani, dada. Bado nacheua."

Nasra alirudi ukumbini. Mumewe, Kombo, alikuwa kwenye sahani ya nne, mafuta yakimchuruzika kidevuni.

"Chumba chenye roshani, na chakula unakula usishibe," alisema. "Mwakani tuchukue hiki hiki, au vipi, mke wangu?"

"Kuna watu wanatapika kwa ajili yako, Kombo."

"Wamekubali wenyewe. Keti ule."

Alimtazama akitafuna, akashindwa kuketi. Alivua bangili, akaomba kitanda cha chini. Huko wakamfunga bangili nyingine.

Jioni ile tumbo lake tupu lilijaa ghafla. Kooni ilimpanda ladha ya pweza, kisha aiskrimu, kisha pweza tena. Katika miaka thelathini ya ndoa alimjua mtu mmoja tu anayekula hivyo.

"Unamfahamu?" aliuliza yule mwanamke, akimsogezea ndoo.

"Mume wangu," alijibu Nasra, akainama.