Uji wa Tarehe Kumi na Tisa

Bi Zeyana alikuja kurudisha bakuli la uji aliloletewa na Tausi asubuhi akiwa hoi kwa homa. Ndani alikuwa ametia mayai mawili, maana mtaani kwao chombo cha jirani hakirudishwi kitupu.

"Karibu ndani, Bi Zeyana," Tausi alisema.

Hapo ndipo mgeni alipoiona kalenda ukutani. Kila tarehe hadi ya leo, kumi na tisa, ilikuwa na alama ya vema na maneno machache. Jana: kumvusha kipofu barabara. Leo: uji kwa jirani mgonjwa.

"Hii ni nini?"

"Nimejiwekea ahadi. Wema mmoja kila siku, mwezi mzima."

"Na mimi nilidhani umenisikia nikikohoa."

Bi Zeyana aliyatoa mayai, moja moja, akayafunga kwenye pindo la kanga. Bakuli akaliacha mezani, tupu.

"Wema wa kesho nimekurahisishia," alisema akiwa mlangoni. "Andika kwamba umemwachia mgonjwa mayai yake."

Tausi alibaki mbele ya kalenda, kalamu mkononi. Muda si muda, nyuma ya ukuta uleule, kikohozi kilianza.