Nyuma ya Nguzo

Bao lilipoingia, uwanja mpya mzima uliinuka, na Kocha akamgeuzia mkewe macho yake yasiyoona.

"Haya, mama watoto. Limeingiaje?"

Enzi za uwanja wa zamani, kabla haujabomolewa, walizoea tiketi za bei poa, nyuma ya nguzo nene ya zege iliyoziba karibu kila kitu. Watu wakilipuka kwa shangwe, Kocha alikuwa akibandika kiganja kwenye nguzo ile ausikie mtikisiko wao, na mkewe akimtungia: tikitaka, kanzu, mashuti ya kuchana nyavu. Mkewe mwenyewe hakuwahi kuliona hata bao moja.

Leo hapakuwa na cha kumziba. Aliliona lote, tangu mwanzo, na halikuwa na kichwa wala miguu.

"Mpira umemgonga beki wao makalioni," alisema, "ukajikokota mpaka ndani. Kipa alikuwa anafunga kamba za viatu."

"Halafu?"

"Ndiyo hivyo tu, baba watoto."

Kocha alipapasa ubavuni, akakuta mkono wa kiti cha plastiki. Aliusugua kidogo kwa kiganja, kama mtu anayetafuta kitasa cha mlango wake gizani. Kisha akamwinamia mkewe sikioni, watu wasije wakamsikia.

"Hebu waulize wenye uwanja," alinong'ona. "Hawakutubakizia hata nguzo moja tukakae nyuma yake?"